Kukiinamia Kiti

Onyeche Ogbole hakuwa na hamu ya kuwa Rais wa Seneti. Hamu yake ilikuwa moja tu, asije akamwinamia Adakole Ejembi.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye ukumbi ule ataona hayo ni mambo ya kitoto. Lakini desturi ya Seneti haina mjadala. Ukiingia, unakigeukia kiti cha juu na kumwinamia aliyekikalia, naye anakujibu kwa kuinamisha kichwa. Ukitoka, hivyo hivyo. Ukibanwa na mkojo, inama kwanza ndipo uende. Rais aliyemaliza muda wake, mzee mnene wa usingizi, alikuwa akiwajibu watu huku amefumba macho, na Onyeche alimwinamia miaka yote bila kinyongo. Sasa mzee kastaafu. Chama kimeamua kiti safari hii kiende kanda ya kati, na katika kanda hiyo waliobaki kwenye mbio ni wawili, wote wa mji mmoja wa Ikpele na wa ukoo mmoja, Adakole kwa kuzaliwa na Onyeche kwa kuolewa. Kabla ya adhuhuri mmoja wao atakuwa juu, na mwenzake atakuwa chini akipinda mgongo.

Na Adakole ndiye aliyemuua Ehi.

Hakumuua kwa mkono wake, watu wa aina yake hawachafui mikono. Alituma vijana. Siku ya kuhesabu kura walimfuata Ehi kwenye ua wa shule wakamtwanga kwa michi, michi ile ile ya kutwangia viazi vikuu, huku polisi wa zamu wakimenya karanga. Onyeche alipofika alimtambua mwanawe kwa viatu. Alivivua viatu vile, akavifunga ndani ya kanga aliyojifunga kiunoni, akatembea navyo hadi nyumbani bila kutoa chozi, na watu wakasema huyu mama ana moyo wa jiwe.

Hakuwa na moyo wa jiwe hata kidogo. Wiki haikupita, ghala la viazi vikuu la Adakole likaungua usiku pamoja na walinzi wake wawili waliokuwa wamefungiwa kwa nje. Aliyefunga mlango ule ni Ogwuche, mtu wa kazi wa Onyeche tangu enzi za marehemu mumewe. Adakole akajibu. Onyeche akajibu. Ikpele ikazika watu mpaka maseremala wa majeneza wakajenga nyumba za ghorofa.

Mwishowe wazee wa ukoo waliwaburuta wote wawili mbele ya Alekwu, wafu wa ukoo, ambao katika nchi ile hata maaskofu huwataja kwa sauti ya chini. Waliapishwa juu ya udongo wa makaburi. Atakayemwaga damu ya mwenzake, kwa mkono wake au kwa mkono aliotuma, nyumba yake itafutika. Na atakayemsingizia mwenzake damu asiyoimwaga, nyumba yake itafutika vile vile. Shahidi aliyeshika jogoo wa kiapo alikuwa Ogwuche, na shahidi naye alifungwa kwa kiapo chake. Akiona kiapo kimevunjwa na akanyamaza, ataondoka pamoja na mvunjaji. Onyeche aliapa kwa sababu alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Ochanya, ambaye asubuhi hii ya uchaguzi alikuwa Ikpele na mimba yake ya kwanza, kubwa, ya kutembea huku ameshika kiuno.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Onyeche na Ogwuche walipoondoka nyumbani kwenda bungeni. Ogwuche ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu dereva alikuwa hapatikani kwenye simu, na polisi wa kumlinda Onyeche alikuwa amepiga simu alfajiri akisema anaharisha.

"Anaharisha pesa," Ogwuche alisema, mdomo umejaa bhajia za kunde. "Mama, kula kidogo. Utaanguka mbele za watu."

"Nikila nitatapika."

"Basi tufanye mazoezi. Mimi ni Katibu wa Bunge." Akakaza shingo na kukohoa kidogo, akimwigiza Danladi Gyang, katibu ambaye kwa siku hii moja, kiti kikiwa hakina mtu, ndiye msimamizi wa ukumbi. "Mheshimiwa Seneta Ogbole, jina lako limependekezwa. Je, unakubali?"

"Nakubali."

"Sijasikia. Kanuni inasema jibu litoke kinywani mwa mpendekezwa mwenyewe, ukumbini, watu wote wasikie. Hakuna barua, hakuna mjumbe, hakuna kutingisha kichwa. Toa ile sauti yako ya sokoni."

"Nakubali!" Onyeche alipaza sauti, akajikuta anacheka. Alikuwa hajacheka ndani ya gari lile tangu Ehi alipokuwa akikaa kiti cha nyuma na kuweka miguu juu.

Chini ya daraja, kabla ya barabara kupanda kwenda bungeni, lori la mchanga lilikuwa limesimama kombo. Ogwuche alikanyaga breki. Kabla hajaweka gia ya kurudi nyuma, gari jingine liliwagonga kwa nyuma na kuwasukuma hadi kwenye tairi za lori, na vijana wakatoka pande zote.

Ogwuche alishuka na panga. Wa kwanza alimkata goti, na yule kijana akakaa chini barabarani akilishangaa. Wa pili alipata ubapa wa panga usoni. Halafu wakamzidi. Mmoja alimchana mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo, wengine wawili wakakishika kiganja chake cha kushoto, wakakiweka kwenye fremu ya mlango, wakaufunga mlango kwa nguvu. Wakaufungua. Wakaufunga tena. Ogwuche alipiga yowe ambalo Onyeche hakujua kama koo la mtu mzima linaweza kulitoa.

Yeye walimtoa kwa adabu. Walimshika mabega, wakamsimamisha ubavuni mwa gari, na mmoja akamwekea kilemba chake sawa. Ndipo akauona mchi. Ulikuwa umezungushiwa sponji na juu yake kitambaa laini, umefungwa kwa kamba vizuri, kazi ya mtu aliyetulia. Onyeche akaelewa mara moja. Adakole anatunza kiapo. Damu ya Ogwuche haimo kiaponi, na damu ya Onyeche hataimwaga.

"Tusamehe, Mama," alisema yule aliyeshika mchi, kijana mwenye sauti nzuri ya kwaya. "Hatujaagizwa mengi. Tumeagizwa mdomo tu."

Pigo la kwanza lilitua pembeni mwa taya. Onyeche alisikia mfupa ukilia ndani ya sikio lake. La pili lilitoka upande wa pili, na kidevu kikahama mahali pake. Walimshikilia asianguke, maana akianguka angejikwaruza. La tatu lilikuja kutoka chini, si kwa nguvu sana, la kuhakikisha tu.

Kisha kijana akatoa leso nyeupe mfukoni, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Akampangusa midomo, akampangusa ndani ya midomo, chini ya ulimi na kwenye fizi, taratibu kama muuguzi. Akaiinua leso kwenye mwanga. Ilikuwa na mate tu.

"Safi," aliwaambia wenzake. "Mzee atafurahi."

Waliondoka na lori lao na yule mwenye goti.

Ogwuche alijikokota kwenye gari, akajifunga mkono kwa kanga ya akiba ya bosi wake. Vidole vya kushoto vilikuwa vimekuwa bapa. Alichukua chupa ya maji akamnawisha Onyeche uso kwa mkono mmoja, akamfungua midomo kwa kidole na kuchungulia ndani, kwa sababu na yeye alikuwa shahidi na alijua cha kutafuta.

"Hakuna damu," alisema. "Mshenzi amecheza ndani ya mstari. Mama, twende hospitali."

Onyeche alitikisa kichwa, na maumivu yakamfanya aone giza.

"Utakubali kwa mdomo gani? Huo haupo. Kiti si mtoto, Mama, kwamba ukikiacha kitalia. Twende hospitali, kesho tunaua watu."

Onyeche alikivua kilemba chake, akakipitisha chini ya kidevu na kukifunga utosini, akalibana taya lirudi karibu na lilipotoka. Machozi yalimshuka yenyewe. Alimwona Adakole juu ya kile kiti, na yeye mlangoni akipinda mgongo, na Adakole akimjibu kwa kichwa, kwa upole, kila siku, kwa miaka. Akanyoosha mkono akaupiga usukani kwa kiganja, waende. Ogwuche akawasha gari.

Getini askari alimtazama akacheka kidogo. "Mheshimiwa, jino hilo? Pole sana. Ng'oa tu." Ogwuche alikuwa amevaa joho lake la sherehe alilokuja nalo kwa ajili ya siku hii, pana la kuficha mkono uliochanika na mambo mengine mengi. Alipanda roshani ya wageni pamoja na wake na wasaidizi wa maseneta. Onyeche aliingia ukumbini milango ikifungwa.

Siwa ilikuwa imelazwa mezani. Kiti cha juu kilikuwa kitupu, na mbele yake, kwenye kiti cha chini, alikaa Danladi Gyang, mtu mkavu ambaye inasemekana hata nyumbani kwake watoto huomba ruhusa kabla ya kupiga chafya. Minong'ono ilipita kutoka benchi hadi benchi. Seneta Laraba Tanko, rafiki yake Onyeche, alimshika bega.

"Nani kakufanyia hivi? Dada, nani?"

Onyeche aligeuza macho. Laraba alifuata macho yake hadi upande wa pili wa ukumbi.

Adakole alikuwa ameketi mstari wa mbele katika joho jeupe na kofia nyekundu ya uchifu, mzee mzuri wa sura, mtu ambaye watoto wa mtaani humkimbilia. Yule kijana mwenye sauti ya kwaya alikuwa ameinama sikioni mwake. Adakole alipokea kitu, akakitazama pande zote mbili, akakikunja vizuri na kukichomeka kwenye mfuko wa kifuani, ncha ikichungulia. Kisha akamtazama Onyeche, akatabasamu kwa huruma.

Laraba hakupoteza muda. Alisimama akapendekeza jina la Onyeche Ogbole, na mwingine akaunga mkono. Danladi Gyang alikohoa.

"Mheshimiwa Ogbole, je, unakubali?"

Onyeche alisimama. Alifungua midomo. Taya lilikataa kabisa, ulimi ukajikunja, na kilichotoka kilikuwa mlio wa mbuzi. Upande wa Adakole ulipasuka kwa kicheko.

"Mbuzi wa Pasaka!"

"Katibu, tumesikia 'mee'! Hiyo iko kanuni ya ngapi?"

"Amepigwa!" Laraba alipayuka. "Hamuoni kwamba mtu huyu amepigwa? Mna macho ya nini?"

"Mimi sioni kidonda," Danladi alisema, na kwa kweli hakuona, maana hakikuwepo. "Kanuni inataka neno. Nitapokea pendekezo la pili, kisha nitamrudia mheshimiwa mara moja tu. Asipojibu, jina linaanguka."

Jina la Adakole likapendekezwa, likaungwa mkono kwa shangwe, naye akaulizwa kama anakubali. Akasimama polepole. Angeweza kusema neno lake akamaliza, lakini mtu aliyengoja kiti miaka mingi hukionja kwanza. Akasimamia meza kwa vidole, akageukia ukumbi.

"Waheshimiwa, kabla sijajibu, niseme neno kwa mke wetu hapa." Wanaume wa Ikpele humwita hivyo kila mwanamke aliyeolewa ukooni. "Mke wetu, pole kwa jino. Mimi na wewe tulikuwa na yetu, tukayamaliza mbele ya wazee, na mimi sijawahi kuvunja neno. Mikono yangu hii hapa. Misafi." Akaigusa ile leso kifuani, mguso mdogo wa kuelewana wao wawili tu. "Nikikaa pale juu, utakuwa binti yangu. Utakuja utanisalimia, nitakuitikia."

Ukumbi mzima ulimtazama yeye. Ndiyo maana hakuna seneta aliyemwona Onyeche akikunja ngumi chini ya meza.

Hakufikiri sana, na hilo alilijua baadaye. Alikuwa anaitazama leso. Mtu yule aliogopa kitu kimoja tu duniani, damu ya kiapo, na ushahidi kwamba hakuimwaga alikuwa ameuweka kifuani, mweupe, akijivunia. Onyeche aliusogeza ulimi wake pembeni, katikati ya magego, akaiweka ngumi chini ya kidevu chake mwenyewe kilichovunjika, akajipiga kwenda juu kwa nguvu zake zote.

Alidhani amekufa. Kisha kinywa kikajaa, moto na chumvi.

Alitoka kwenye benchi lake akaukata ukumbi, akapita mbele ya siwa bila kuinama, jambo ambalo lilimfanya Danladi Gyang asimame nusu. Alifika mbele ya Adakole. Alimchomolea leso kifuani, akaipeleka mdomoni, akajipangusa midomo na fizi na chini ya ulimi, taratibu, kama alivyopanguswa. Akaikunja ile leso ilivyokuwa imekunjwa, akairudisha mfukoni mwa Adakole. Uwekundu ukaenea kwenye joho jeupe.

Kwa wengi ilikuwa ni matusi. "Amemtemea! Amemtemea damu mzee wa watu!" Seneta mmoja wa upande wa Adakole alimrukia Onyeche, Laraba akamkata mtama, na ukumbi ukalipuka. Viti viliruka. Kiatu kilimpata mwandishi wa bunge kwenye paji la uso. Wawili walimlaza mwenzao juu ya meza wakampiga kwa kitabu cha kanuni, kitabu kinene, na kila kikitua kinatoa kurasa. Mtu mmoja alikuwa anauma sikio la mwingine bila kuonyesha dalili ya kuliachia. Wapambe wa bunge, majitu yenye glovu nyeupe, waliizunguka siwa kwanza, maana ikianguka hakuna kikao, kisha wakaingia katikati na kuanza kuwatupa waheshimiwa kwenye mabenchi yao.

Adakole hakusogea. Alikuwa anaitazama leso ikizidi kuwa nyekundu kifuani mwake. Alimtafuta yule kijana mwenye sauti ya kwaya, akampata mlangoni.

"Ulisema safi," alisema.

"Mzee, ilikuwa safi! Naapa kwa..."

"Usiape! Usiniapie hapa, mbwa wewe!"

Danladi Gyang aligonga meza mpaka fujo ikapungua. Nywele zake zilikuwa zimesimama, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Mheshimiwa Ejembi. Nimekuuliza na sijapata jibu. Je, unakubali?"

Adakole alikuwa na watoto watatu wa kiume na wajukuu. Kila mtu wa Ikpele ndani ya ukumbi ule alijua majina yao, na kila mmoja aliona anavyoyapitia kichwani. Mtu aliyemwaga damu ya kiapo halafu akapanda kiti juu ya damu hiyo, wafu wangeanza na nani? Alifungua kinywa. Taya lake zima, lisilo na ufa, halikutoa neno. Akafumba. Akafungua tena.

"Simo," alisema, akakaa, uso mikononi.

"Jina limeanguka. Mheshimiwa Ogbole, kwa mara ya mwisho. Je, unakubali?"

Onyeche alifungua fundo la kilemba. Taya likashuka na maumivu yakapanda hadi kwenye macho. Alilishika kwa mikono miwili, kama mtu anayeendesha kinywa cha mwingine, akalitafuna lile neno silabi kwa silabi, na kila silabi ilitoka na uzi mwekundu.

"Na. Ku. Ba. Li."

Hapakuwa na jina jingine. Danladi Gyang alimtangaza. Ukishatangazwa, siku hiyo hakuna wa kukurudisha. Laraba na mwenzake walimshika mikono wakampandisha ngazi, na Onyeche akakaa. Alikuwa na furaha. Hakuna sababu ya kuficha hilo. Alikuwa na furaha chafu iliyojaa hadi kooni, na alitamani Ehi angekuwa amekaa mahali akiweka miguu juu. Ukumbi mzima ukasimama ukakigeukia kiti na kuinama, majoho na vilemba na kofia zote, na ile kofia nyekundu katikati yao ikashuka pia. Onyeche akawajibu kwa kichwa.

"Mama!"

Sauti ilitoka roshani, kwa lugha ya nyumbani. Ogwuche alikuwa amesimama kwenye ukingo, joho limelowa damu upande mmoja, uso umekuwa wa majivu.

"Mama, nisamehe. Mimi ni shahidi. Nilimshika yule jogoo kwa mikono yangu."

Onyeche alimtazama. Alijua kila neno litakalofuata, na alimwomba kwa macho, jamani alimwomba, anyamaze.

"Garini niliuangalia mdomo wako. Ulikuwa mkavu. Na hapa nimekuona, Mama, wengine hawakuona lakini mimi sikuwa namtazama yule. Umejipiga mwenyewe. Damu ile umeimwaga wewe. Sema tu, Mama! Sema sasa hivi, wazee watajua namna ya kuomba msamaha. Usiondoke nayo juu ya hicho kiti. Ochanya ana mimba!"

Wasiojua lugha walinong'ona, nani huyu mwehu. Wanaojua walikitazama kiti. Chini, kofia nyekundu iliinuka pole pole.

Danladi Gyang alikisogelea kiti cha juu. "Mheshimiwa Rais," alinong'ona, "mgeni wa roshani haruhusiwi kusema. Ni amri yako."

Ogwuche alikuwa amemfungia mlango wa ghala. Ogwuche alikuwa ameacha vidole vyake kwenye mlango wa gari asubuhi hii. Alikuwa anasubiri, kichwa ameinamisha upande kidogo, kama alivyosubiri maagizo miaka yote. Na Onyeche akiitikia, akisema ndiyo, Adakole angesimama palepale na kusema basi narudisha jina langu, na hata kama Danladi angekataa leo, keshokutwa angekubali. Kiti kingeondoka. Angeinama.

Alishika nyundo, akaigonga mara moja.

"Mtoeni."

Neno lilitoka vibaya lakini wapambe walilielewa. Walipanda roshani wakamkamata. Ogwuche hakupigana nao, alishika tu ukingo kwa mkono wake uliopondeka akijaribu kumaliza sentensi. Mmoja alikipiga kile kiganja kwa rungu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka kikaachia. Walimburuta ngazini kwa miguu. Kichwa kilikuwa kinagonga kila ngazi.

"Ochanya, Mama!" alikuwa anasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenzake asisahau kitu sokoni. "Ochanya!"

Mlango ukafungwa. Nyuma yake kulisikika vishindo, na Onyeche aliijua sauti ile, sauti ya mchi ukiwa haujazungushiwa kitu. Vilichukua muda. Kisha vikaacha.

"Shughuli inayofuata," Danladi Gyang alisema.

Adakole Ejembi alisimama. Aliichomoa leso kifuani, akaitazama kwa mara nyingine, na rangi ilikuwa imemrudia usoni. Alionekana mtu aliyelala vizuri. Akaikunja, akairudisha mahali pake ionekane, akaanza kutembea kwenda mlangoni. Ukumbi wote ulimfuata kwa macho. Kwenye kizingiti alisimama na kugeuka, kama desturi inavyotaka kwa kila atokaye, akakitazama kiti.

"Mke wetu," alisema kwa lugha ya nyumbani, kwa upole mkubwa. "Msalimie Ochanya. Mwambie nyumba yangu inamwombea ajifungue salama."

Akainama. Aliinama chini kuliko kanuni inavyotaka, mgongo umelala kabisa, kofia nyekundu karibu ianguke, akabaki pale. Hakuinuka. Aliyeinama hainuki mpaka kiti kimjibu, na ukumbi ulikuwa unasubiri, na Danladi Gyang alikuwa ameanza kugeuza shingo kuona kimechelewa na nini.

Onyeche alilishika taya lake kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.